Uani Pasipo na Ua

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi, jioni ya kugawa miche katika skuli moja ya mjini Unguja

Bismillahir Rahmanir Rahim. Assalamu alaykum.

Mheshimiwa Sheha, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazee wangu nashikamoo, akina mama wenzangu, na nyinyi wanangu mliokaa mkekani hapa mbele: ahsanteni kwa kuniita.

Kabla sijasema lolote, naomba sahani hii ipite mikononi mwenu. Ianze kwako wewe mwanangu uliyekaa pembeni, halafu ipande nyuma kwa wazee. Ndani mna vitumba vya asumini. Nimevichuma leo baada ya sala ya Alasiri, kwenye mti ulioko uani kwangu, na kama mnavyoona vyote vimefumba, vyeupe, vimenenepa katikati na kuchongoka nchani. Ukivinusa sasa husikii kitu kikubwa, labda harufu ya ubichi tu. Msivifinye, wala msivifungue kwa kucha. Vipitisheni taratibu, na vikimaliza safu zote vitarudi hapa mezani kwangu.

Nimeambiwa nizungumze kuhusu mimea ya harufu nzuri. Mwalimu aliyekuja kunialika aliniuliza kwa adabu, "Bibi, utawaeleza watoto faida za maua?" Nikamwambia nitawaeleza. Lakini usiku ule nilikaa nikajiuliza watanielewa vipi, iwapo wengi wao hawajawahi kulala chumba ambacho dirisha lake linaangalia mwasumini.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. Liko ua la kunusa, na uko ua wa nyumba, pale nyuma tunapopikia na kuanika nguo. Nilipokuwa mtoto, vitu hivyo viwili vilikuwa haviachani. Ukiona ua hauna ua hata moja, ujue nyumba hiyo imehamwa. Leo piteni mitaani mtazame. Saruji imekwenda mpaka ukutani, pana tangi la maji, pana matofali yaliyobaki kwenye ujenzi, na sebuleni ndani ya chombo cha kioo pana maua ya plastiki yanayofutwa vumbi kila Ijumaa. Mimi jambo hili linaniuma, nawaambia kweli, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa nikiwa na magoti haya.

Harufu nzuri ya watu wa pwani ni kitu cha kupandwa. Ya dukani ipo, sikatai, na mimi nafukiza udi na natia marashi kwenye mrashi kama nyote. Lakini ipo harufu ambayo haikai dukani, kwa sababu inataka mti ulio hai hatua kumi kutoka kitandani, na mtu anayejua saa ya kuuchuma. Hiyo tukiiacha hatutaikuta kwa muuzaji yeyote.

Tuseme basi habari za hiyo asumini iliyo mikononi mwenu. Jina lake limesafiri mbali. Waajemi walisema yasaman, Waarabu wakasema yasmin, sisi tukasema yasmini, na wengine wetu asumini. Mti wenyewe asili yake ni Asia ya Kusini. Ufilipino imeufanya ua la taifa tangu mwaka 1934. Wachina huchanganya maua yake na majani ya chai usiku mzima ili chai inywe ile harufu. Ndugu zetu wa Yemen huuita full, na huyatunga maua yake mikufu ya kuvaa shingoni harusini. Kwa hiyo mtoto wa Unguja akiingia nyumba ya mtu wa Aden au Manila jioni, pua yake itakuwa mwenyeji kabla ulimi haujapata la kusema.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa kuwa hapa ndipo ilipo ajabu yake. Maua mengi ukishayachuma, kazi yake imekwisha. Yanabaki na harufu ile uliyoyachuma nayo, na kila saa inapungua. Asumini haiko hivyo. Ukiichuma bado imefumba, inaendelea kutengeneza harufu mpya ikiwa mkononi mwako, kwenye nywele zako, juu ya mto wako. Inafunguka magharibi na kufanya kazi usiku kucha. Asubuhi ndipo inapochoka, ikaanza kugeuka wekundu kidogo, ikanyauka.

Upo mji Ufaransa ya kusini, unaitwa Grasse, ambao kwa karne kadhaa umeishi kwa kazi ya manukato. Lavenda wao huikamua kwa mvuke: wanachemsha maji, mvuke unapita kwenye maua, unabeba mafuta, wanaupoza. Lakini asumini ikipitishwa kwenye mvuke inaharibika. Kwa hiyo zamani walipaka vioo mafuta ya wanyama yaliyosafishwa, wakapanga juu yake maua ya asumini, moja moja, kwa mkono. Yakilala humo siku nzima yanapumua harufu yake ndani ya mafuta. Kesho yake wanayaondoa yaliyochoka, wanaweka mengine, na hivyo hivyo kwa wiki kadhaa mpaka mafuta yamelewa harufu. Ufundi ule ulikuwa fahari ya mji mzima.

Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kulisikia jina la Grasse. Alikuwa na bakuli la kauri lenye ufa mdogo ukingoni, na mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe kwa moto mdogo, asitake yaungue hata kidogo. Kila jioni alimwaga humo kiganja kimoja cha asumini iliyofumba, akafunika kwa kitambaa cha melimeli. Alfajiri, kabla ya kuwasha moto wa chai, aliyaopoa maua yote kwa kijiko cha kifuu. Alikuwa mkali hapo. Ua moja likisahauliwa likaoza ndani, mafuta yanachacha na kazi ya wiki inamwagwa. Jioni alitia mengine mapya. Usiku wa saba mafuta yalikuwa tayari, akayatia kwenye kichupa, na hayo ndiyo yaliyopakwa nywele zetu mpaka mwezi uliofuata.

Nataka wanafunzi mlione hili. Jambo waliloligundua mafundi wa Grasse, kwamba asumini inaendelea kutoa harufu baada ya kuchumwa na kwamba mafuta yanaipokea, mwanamke wa Unguja asiyejua kusoma alilijua, akalifanya sawasawa jikoni kwake. Mwaka 2018 UNESCO iliuandika ujuzi wa Grasse katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika: kulima mimea ya manukato, kuijua na kuisarifu. Walioandikiwa ni pamoja na wakulima wa maua. Mji Mkongwe wetu nao upo katika orodha yao ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kwa mawe yake, milango yake na mitaa yake. Nami nasema, nyua za nyumba zile zilikuwa na mali nyingine, na mali hiyo tumeiacha ikafa kwa kiu.

Mabinti walioniomba niwaonyeshe namna ya kufunga kikuba, kile kishada cha majani na maua ya kunukia, nimeleta sinia. Sogeeni. Waliokaa nyuma nitawasimulia mikono yangu inafanya nini.

Naanza na mrehani. Vishina vitatu, urefu wa kidole cha kati, nimeviondoa majani ya chini ili pawe na pa kushika. Mrehani ndio uti wa kikuba, kwa sababu haunyauki upesi na unashikilia vingine. Juu yake naweka jani la mpachori, nimelikunja mara mbili. Mpachori mbichi harufu yake ni ndogo, wengine hata hawaipendi, inanuka udongo uliopata mvua. Ngoja likauke. Kadiri linavyokauka ndivyo linavyozidi, na asumini itakapochoka asubuhi, mpachori utakuwa ndio kwanza umeamka. Kisha vipande hivi vyembamba ni vya mkadi. Mkadi una wa kiume na wa kike, na wa kiume ndio wenye ua la kunukia. Sasa asumini, vitumba vitupu, visivyofunguka, navipanga kuzunguka kama kilemba. Hapa katikati, ndani kabisa, naficha kilua kimoja, ua la mkilua.

Nafunga kwa uzi wa mgomba. Nimeurowesha tangu mchana, kwa kuwa ukiwa mkavu unakata vishina. Mizunguko mitatu, fundo moja, ncha nairudisha ndani. Mama alikuwa akisema kikuba kizuri hakionyeshi uzi wake. Basi. Hiki unakibana kifuani kwa pini, au unakitia kwenye nywele, au unakiweka chini ya mto. Chukua binti yangu, kaa nacho.

Kilua nakitaka nikisemee peke yake, kwa kuwa hapa tunajivunia vya wageni na kusahau cha kwetu. Asumini imetoka ng'ambo, waridi limetoka ng'ambo, hata mlangilangi umetoka visiwa vya mashariki ya mbali. Mkilua ni wa hapa. Ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, unaopenda kukaa chini ya kivuli cha miti mikubwa. Bibi zetu waliujua na kuupanda majumbani zamani sana. Kisha mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi Nairobi kabla ya kwenda bustani ya Kew kule London, aliuandika katika vitabu vya sayansi. Aliona haufanani na jenasi yoyote, yaani kundi la mimea ndugu, iliyokwisha kupewa jina. Akahitaji jina jipya. Akaliacha lile lile la bibi zetu: Mkilua fragrans, yaani mkilua unaonukia. Neno la Kiswahili limekaa mahali pa Kilatini, na kila mwanasayansi wa Japani au Brazili anayeutaja mti huu anasema mkilua kama tunavyosema sisi.

Ukoo wake nao utawafurahisha. Mkilua, mlangilangi, mstafeli na mtopetope ni ndugu wa familia moja. Ukilinusa vizuri stafeli lililoiva, utaelewa udugu huo umetoka wapi. Kilua kimoja tu ukikitia kwenye mkunjo wa kanga uliyoihifadhi sandukuni, ukiifungua kanga ile baadaye utadhani ameingia mtu chumbani.

Vijana wawili waliniuliza pale mlangoni kuhusu lavenda. Wameiona kwenye sabuni, kwenye mishumaa, kwenye picha za mashamba ya rangi ya zambarau ya Provence, kule Ufaransa, na wanataka kuipanda. Sitawakatisha tamaa, lavenda ni mmea wa heshima. Watu wa bahari ya Mediterania wamelala nayo chini ya mito na kuitia kwenye makabati ya nguo kwa mamia ya miaka, kwa sababu zile zile zilizotufanya sisi tulale na asumini na kuweka mpachori sandukuni. Lakini lavenda inataka udongo mkavu usiotuamisha maji, jua kali, na hewa isiyo na unyevunyevu. Hewa yetu mnaijua. Masika ikiingia, mizizi yake itaoza mbele ya macho yenu. Mwenye jamaa Lushoto, Limuru au popote juu kwenye ubaridi, ampelekee mche, huko una matumaini.

Ila ukitaka kujua kitu gani ndani ya lavenda kinachowatuliza watu, kwa sehemu kubwa ni kemikali mbili, na moja yao inaitwa linaloli. Linaloli hiyo hiyo imo katika mrehani. Imo katika asumini. Imo katika langilangi. Mwanafunzi wa kemia apasue jani la mrehani wa bibi yake alinuse, halafu aninunulie mimi sabuni ya lavenda ainuse. Hazitakuwa sawa, kwa kuwa kila mmea una mchanganyiko wake, lakini chini kabisa ataisikia sauti moja.

Wenzetu wa Komoro, hatua chache tu kusini yetu, wanaongoza duniani kwa kusafirisha mafuta ya langilangi. Kina mama huchuma maua yake alfajiri, yakiwa yamekuwa manjano na kupata doa jekundu chini ya petali, maana jua likishapanda harufu imeruka. Yanapikwa kwa mvuke saa nyingi sana, hata usiku kucha, na mafuta ya saa za mwanzo ndiyo bora na yana bei yake. Yanakwenda mpaka kwenye manukato makubwa ya Paris. Chanel No. 5, iliyotengenezwa mwaka 1921 na Ernest Beaux, imo asumini na imo langilangi. Kwetu hapa Kiwanda cha Makonyo pale Wawi, Pemba, kinakamua makonyo ya mikarafuu, na mchaichai na mrehani pia. Kwa hiyo anayesema maua ni mambo ya anasa ya wanawake tu, aende Wawi akasimame mlangoni nusu saa.

Lakini mimi sikuja kuwauzia biashara. Turudi nyumbani.

Mrehani umefuatana nasi tangu harusini mpaka makaburini. Tunautia kwenye vikuba vya bibi harusi, na tunauweka juu ya udongo wa maiti wetu. Rayhani imetajwa katika Qur'ani, ndani ya Suratur Rahman. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha katika hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim kwamba mtu akipewa rayhani asiikatae, kwa sababu ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri. Nilipokuwa binti niliona ni adabu tu ya wageni. Nimeielewa nilipokuwa mtu mzima, na nitawaeleza namna nilivyoielewa.

Mama yangu alifariki mwaka 1998. Mwasumini wake ulikuwa uani, pembeni ya kisima, mkubwa umepanda mpaka juu ya paa la choo. Miaka miwili baadaye familia iliamua kuongeza chumba. Nilikuwa Pemba kwenye msiba wa shangazi, nikakaa siku kumi. Niliporudi usiku, nilipofika kwenye kona ya mtaa wetu nilijua jambo limetokea, kwa sababu nilikuwa sisikii kitu. Tangu utoto wangu kona ile ilikuwa ndiyo inayonipokea. Harufu ya mwasumini wa mama ilikuwa inanifikia pale kabla sijauona mlango. Usiku ule palinuka saruji mbichi. Niliingia uani kwa tochi, nikakuta sakafu mpya, laini, na shina limekatwa chini kabisa, limefukiwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Chumba kilihitajika, na mti ulikuwa njiani. Nilikaa juu ya kizingiti nikalia kuliko nilivyolia siku ya kumzika mama, na ndugu zangu hawakunielewa.

Wataalamu wa ubongo wanaeleza kwamba harufu ina njia yake ya mkato. Yanayoonwa na kusikiwa hupita kwanza kwenye kituo cha katikati ya ubongo kabla ya kugawanywa, ila harufu ikitoka puani inafika karibu moja kwa moja pale zinapohifadhiwa hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana mtu anaweza kuisahau sura ya bibi yake, lakini akipitiwa na harufu ya kanga yake anasimama njiani. Uani palikuwa na njia yangu ya kumfikia mama, nayo ilizibwa kwa siku moja.

Kiasi cha mwaka mmoja baadaye nilikwenda kumtazama bibi mmoja aliyekuwa jirani yetu zamani, akahamia shamba. Nilifika jua limekwisha kuzama. Nilipopiga hodi tu, kabla hajaitika, ile harufu ikanifikia. Ile ile. Sikungoja kukaribishwa, Mungu anisamehe, nilipita ndani mpaka uani. Ulikuwepo mwasumini, umelazwa kwenye ukuta wa makuti, mweupe mtupu. Yule bibi akanifuata na taa. Akasema, "Huu alinipa mama yako, kijiti tu, siku niliyohama. Nilitaka kukataa, mikono ilikuwa imejaa mizigo. Akaniambia usikatae, hakina uzito."

Hakina uzito. Hapo ndipo nilipoielewa ile hadithi.

Alinikatia vijiti vitano. Viwili vilishika. Nilivunja sakafu ya uani mwenyewe kwa nyundo, shimo la dhiraa moja, na ndugu zangu safari hii hawakusema neno. Asumini mnazopitishiana ni za mti huo. Na ile miche 36 iliyo pale kwenye kivuli, ndani ya vifuko vyeusi, nimeitoa kwenye mti huo huo mwaka huu.

Sasa namna ya kuilea, kwa ufupi, maana Magharibi inakaribia.

Mwasumini unataka jua la kutosha, nusu ya siku kwa uchache. Ukiuweka kivulini utapata majani mazuri na utakosa maua. Maua hutokea kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo baada ya kila msimu wa maua ukate matawi bila huruma, ndipo utakapochipua na kuzaa tena. Wenye kuogopa kisu ndio wanaolalamika kwamba mti wao umekuwa mvivu. Kijiti cha kupanda kiwe kimeanza kukomaa, si kichanga cha kijani wala si kigumu cha zamani, urefu wa shibiri moja, kizikwe nusu kwenye mchanga wenye unyevu, mahali pasipo jua kali, mpaka kishike. Njia nyingine rahisi zaidi: pinda tawi refu mpaka chini, lifukie katikati, weka jiwe juu yake. Likiota mizizi likate ulihamishe. Asiye na ardhi atumie ndoo iliyotobolewa chini. Nimeona mwasumini unaozaa vizuri kabisa kwenye ndoo ya rangi, ghorofa ya tatu.

Mrehani unaota kwa mbegu na hauna makuu, ila uudonoe maua yake kila yanapotokeza, la sivyo utamaliza nguvu kwenye mbegu na majani yatakuwa machache. Mchaichai unaugawa tu shina kwa shina. Na kivumbasi, ndugu wa mrehani, kipandeni karibu na dirisha. Wazee walikifukiza jioni kufukuza mbu, na kinasaidia, lakini nawaomba akina mama, kivumbasi kisichukue nafasi ya chandarua. Mtoto alale ndani ya chandarua.

Jambo jingine la kuwatahadharisha ni hivi vichupa vidogo vya mafuta makali vinavyouzwa siku hizi. Nilinunua kimoja kilichoandikwa asumini, nikampaka mjukuu wangu shingoni bila kukichanganya na kitu. Ngozi yake iliwaka nyekundu siku tatu. Mafuta yaliyokamuliwa ni makali mno. Tone moja limebeba maua mengi sana. Yachanganyeni na mafuta ya nazi kabla hayajagusa ngozi, yasiwekwe pafikiwapo na watoto, na asiyanywe mtu kwa kuambiwa ni dawa. Jani na ua ni wapole zaidi, na mwenye uani kuna mti hana haja ya kichupa.

Miche itagawiwa sasa hivi na walimu. Kila nyumba mmoja. Wanafunzi wa darasa la sita watapanda mitatu ukutani pale, upande wa madarasa ya jioni, ili wanaosoma Qur'ani baada ya Isha waisikie. Sharti langu ni moja, na Mheshimiwa Sheha amenikubalia niliseme mbele yenu nyote: mche wako ukishakuwa mti, ukate vijiti viwili umpe mtu. Usimchagulie. Mpe anayehama.

Sahani yangu iko wapi? Nani anayo? Ileteni basi. Taratibu, mwanangu, usikimbie.

Ahaa. Njooni muone, nyinyi wa mbele. Hiki hapa ukingoni kimeanza kupasuka. Na hiki. Na hiki pia, petali moja imejitenga. Hakuna aliyevigusa, sivyo? Haya, inameni mnuse.